Vigelegele Katika Nyumba ya Eda

"Bi Mahfudha, una mimba."

Hapo ndipo nilipokatia wiki jana, na najua wako walionitukana. Haya, shikeni gazeti vizuri.

Mahfudha alikuwa amelala chali, tumbo wazi. Nesi Moraa alikuwa amemwekea kipimo cha Idara ya Utulivu, kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa linachoma mapaa ya Shela, Malindi, na chumbani hapakusikika kitu ila feni.

Anayeanza kusoma leo, ajue hivi. Salman, mume wa Mahfudha, alikuwa fundi wa pampu kule mashamba ya chumvi ya Gongoni, ambako Idara hupeleka watu iliyowachoka. Siku mia na ishirini na moja zilizopita maiti ilitolewa kwenye bwawa la chumvi, uso hautambuliki, nguo ni za Salman. Ikazikwa kwa jina lake. Mahfudha akakaa eda.

Nchi nzima hupeleka kidole kituoni kila jioni kuhesabiwa. Mjane wa eda peke yake ndiye aliyesamehewa. Hatoki, na mwanamume haingii kwake, isipokuwa mtazamaji wa mtaa, ambaye hufika kila Alhamisi kukagua.

Na Salman hakufa. Yuko juu ya dari, hatua tano kutoka kitanda hicho. Kichwani mwake mna majina mia mbili na kumi na mawili ya watu waliofia kwenye chumvi bila kuandikwa popote. Zilikuwa zimebaki siku tisa eda iishe, Mahfudha apewe ruhusa ya kurudi kwao Faza na vyombo vyake, na ndani ya kabati moja awemo mumewe.

Siku tisa tu! Na sasa mimba.

"Hapana," Mahfudha alisema.

"Sikuulizi, mama. Nakwambia."

Basi nyuma ya pazia palikuwa na mtu. Bi Ruqaiya, mamake Salman, alikuwa ameingia asubuhi ile kutoka Gede, kama afanyavyo kila baada ya wiki mbili. Huyu mama aliamini kwamba mwanawe yuko mchangani. Hakuambiwa kitu, kwa sababu Bi Ruqaiya hajawahi kuficha hata bei ya nazi.

Aliposikia neno mimba, hakuuliza. Alipiga vigelegele.

Si kimoja. Vitatu, vya harusi, vya mwanamke mwenye mapafu.

"Mwanangu hakufa!" alipiga kelele. "Salman wangu hakufa! Ameacha mtu!"

Mahfudha aliinuka kwa viwiko.

"Nyamaza, mama!" Moraa aliruka. "Tangu lini nyumba ya eda ikapigwa vigelegele?"

"Tangu leo! Wewe si wa huku, hujui. Mimba ya marehemu si furaha?"

Moraa alikuwa anatazama dirishani. Nje, juu ya nguzo ya stima, kuna kisanduku cheusi cha Idara, kinachoona na kusikia. Watu wa Shela hukiita kunguru. Siku zote taa yake huwa ya kijani.

Sasa ilikuwa nyekundu.

Kunguru hajui mila. Kunguru amefundishwa kwamba nyumba ya msiba hulia au hunyamaza. Hii ilikuwa imeshangilia.

"Ni ya miezi mingapi, binti?" Bi Ruqaiya aliuliza, na machozi ya furaha yakimteremka mpaka kidevuni.

Moraa alitazama kipimo. Akatazama tena. Akasema kwa sauti ndogo sana:

"Wiki tisa."

Bi Ruqaiya alianza kuhesabu kwa pingili za vidole, kama anavuta uradi. Mkono wa kulia uliisha, akaingia wa kushoto. Huko kushoto akasimama.

"Wiki tisa ni miezi miwili," alinong'ona.

"Na kitu."

"Mwanangu ana miezi minne chini ya mchanga."

Moraa alikifunika kipimo kwa kiganja.

Mahfudha angeweza kuyamaliza yote kwa maneno matatu: mwanao yu hai. Lakini dirisha lilikuwa wazi na taa ilikuwa nyekundu.

"Mama," alisema.

"Usiniite hivyo. Nguo hiyo ya eda nilikuvika mimi kwa mikono yangu. Nilikukanda miguu ulipozirai. Kumbe ulikuwa unaning'ong'a?"

Mahfudha aliugeuza uso wake. Akaushika mkono wa nesi, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Sista. Andika kumi na nane."

"Umechanganyikiwa? Kunguru amesikia."

"Amesikia vigelegele. Wiki hukuzisema kwa nguvu. Andika kumi na nane, itakuwa ya marehemu, na kila mtu atalala salama."

"Nina watoto wawili Barani."

"Nami ninaye mmoja sasa."

Moraa alimtazama. Msomaji, si kila anayevaa sare ya Idara ana moyo wa chuma, wengine wana njaa tu. Aliweka kidole gumba kwenye kipimo. Akabonyeza moja. Akawa anaitafuta nane.

Mlango ukagongwa.

Tangu vigelegele mpaka mlango, dakika tatu. Zimamoto ya Malindi haijawahi kufika popote kwa dakika tatu.

"Assalaam alaykum," sauti ilisema, na buti zikapanda kwenye mkeka. "Nani anaolewa?"

Aliyeingia ni Afisa Ishaq, mkubwa wa Utulivu wa wilaya nzima. Nyuma yake alikuwa Chengo, mtazamaji wa mtaa, yule wa kila Alhamisi. Chengo zamani alikuwa akiwatembeza watalii kwenye korongo la Marafa, akiwaonyesha mawe mekundu. Siku hizi anaionyesha Idara watu.

Mahfudha alijifunika leso gubigubi. Na hapa nitasema kitu kwa ajili ya Bi Ruqaiya, ingawa wengi wenu mmeshamkasirikia. Pamoja na hasira zake, alisimama mbele ya kitanda akatanua mikono.

"Bwana, toka! Huyu yuko edani."

"Shikamoo, Bi Ruqaiya. Mimi nimesoma chuo kimoja cha Kurani na mwanao. Eda naijua. Kama nisingeijua ningemtuma Chengo peke yake." Alinyoosha mkono kwa nesi. "Lete."

Moraa akampa kipimo. Ishaq alisoma taratibu, kama mtu anayesoma menyu.

"Wiki tisa. Na hapa chini kuna moja, imekaa peke yake. Nesi, hii moja ni ya nini?"

"Kidole kiliteleza, afande."

"Vidole vya Malindi vinateleza sana mwaka huu." Akaifuta. Akabonyeza. Kipimo kikalia ting. "Basi. Daftari limeshajua."

Daftari ndiyo mashine kubwa ya Idara, mnakumbuka. Likishaandika halifutwi. Hata mkubwa wao hawezi.

"Kaa pale mlangoni, nesi. Wewe tutazungumza." Akavuta kiti, akakigeuza, akakaa. "Bi Mahfudha. Mume ana miezi minne, mimba ina miwili. Mimi si hodari wa hesabu, nisaidie. Ama marehemu hutoka kaburini, ama kuna mwanamume mwingine. Ipi?"

Mahfudha aliikaza leso usoni.

"Ikiwa ni ya kwanza, basi nyumba hii yote inahamia Gongoni leo hii. Wewe, huyu bibi, na huyo aliyefufuka. Ikiwa ni ya pili, ni aibu yako tu. Aibu haiui mtu. Nipe jina."

"Sema!" Bi Ruqaiya alimgeukia. "Sema nimjue huyo aliyemdhalilisha mwanangu! Ee Salman! Salman, baba! Amka uone ulichooa!"

Akapiga magoti palepale sakafuni, akalia. Si kilio cha kutaka watu. Kilio cha chini, cha mama.

Juu ya dari Salman alikuwa anasikia yote. Miezi minne alivumilia joto, panya na haja kubwa ndani ya ndoo. Mamake kuliita jina lake namna ile hakuweza kulivumilia. Alishusha mguu mmoja kwenye ngazi.

Ubao ukalia. Kwaa.

Ishaq akainua kichwa.

Mahfudha aliona kile kichwa kikiinuka. Hakufikiri. Alitupa leso, akasimama wima kitandani, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuipaza tangu azaliwe:

"Ni Chengo!"

Kichwa cha Ishaq kikarudi chini.

"Chengo yupi?"

"Huyo hapo mlangoni! Mwulizeni mwenyewe!"

Chengo alifungua mdomo kama mtu aliyesikia jina lake kwenye matangazo ya vifo redioni.

"Mimi?"

"Wewe. Alhamisi. Leo unajifanya hunijui?"

Ishaq hakucheka. Alitoa simu yake akaliuliza Daftari. Lilimjibu kabla hajashusha kidole.

"Siku mia na ishirini na moja," alisoma. "Wanaume waliopita mlango huu: mmoja. Mara kumi na saba. Kwa kawaida dakika nne. Lakini wiki tisa zilizopita," akamtazama Chengo, "dakika arobaini."

"Mvua ilikuwa inanyesha, afande. Nilisimama ukumbini."

"Mvua ndiyo nzuri."

"Wallahi..."

"Acha kuapa kwa Mungu wa wenyewe. Chengo, nisikilize. Ukisema si wewe, nitakuamini. Lakini hapo tena kuna mwanamume mwingine aliyeingia nyumba hii chini ya pua yako, na wewe mara kumi na saba umeandika hakuna tofauti. Ripoti kumi na saba za uongo. Hiyo ni miaka mingapi ya chumvi?"

"Saba," Chengo alisema. Aliijua. Yeye mwenyewe alishawapeleka wawili.

"Na ukisema ni wewe, basi umefanya ujinga wa kiume. Unaoa, mambo yanakwisha. Haya."

Kila mtu alimtazama Chengo. Jasho lilimtoka puani. Alimtazama Mahfudha, kisha nesi, kisha ncha za viatu vyake.

"Ni kweli, afande," alisema. "Mimba ni yangu."

Mnaona jinsi Utulivu unavyofanya kazi? Mwanamke asiyezini amekiri zinaa. Mwanamume asiyemgusa amekubali mimba. Na Daftari, ambalo halikosei, limeandika yote mawili.

Bi Ruqaiya aliinuka sakafuni. Hakupiga kelele tena. Alichukua kikapu chake, akatoa nguo mpya nyeupe iliyokunjwa, akaishika kidogo.

"Hii nilikuletea uivae siku ya kutoka edani. Niliikata sawa na ya Ilham, binti yangu wa kumzaa." Akairudisha kikapuni. "Nikifa, usije kuniosha."

Akatoka. Mahfudha alimfuata mpaka kwenye pazia. Akaokota leso, akaiuma asiite.

"Eda imekwisha," Ishaq alisema, akisimama. "Leo jioni ulete kidole kituoni kama wenzako. Na wewe Chengo, Daftari halitaki mtoto wa nyumba mbili. Alasiri isikukute kwako. Hamia hapa."

"Na dini, afande? Mimi ni wa kanisani."

"Daftari halijaniuliza dini."

Wakatoka wote watatu, nesi katikati. Chini ya nguzo Ishaq alimshika Chengo bega, akamwambia kitu kirefu sikioni. Mahfudha alifunga dirisha, akawaona kupitia ufa wake. Hakusikia neno.

Alipanda ngazi.

Salman alikuwa amekaa juu ya boriti, amejifunga mdomo kwa kikoi chake mwenyewe ili asilie. Miezi minne hawajasemezana kwa sauti. Huandikiana kiganjani kwa kidole. Aliushika mkono wa mkewe, akaandika: MAMA?

Mahfudha alitikisa kichwa.

Akaandika: NISAMEHE. Kisha akaweka kiganja chake juu ya tumbo la mkewe, akakiacha hapo. Hakuandika kitu tena. Yeye ndiye aliyeshuka usiku ule wa mvua, wiki tisa zilizopita, akimwandikia kiganjani kwamba ngurumo zitawaficha.

"Hodi!"

Alikuwa Chengo. Alasiri haijaadhiniwa.

Mahfudha alishuka, na Chengo akaingia na godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, na begi moja. Akafunga mlango kwa komeo. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akaweka ndoo ya bati chini ya bomba, akafungua maji mpaka mwisho. Maji yakagonga bati, nyumba ikajaa kelele.

"Maji yakigonga ndoo, kunguru hasikii," alisema. "Nimemtunza miaka mitatu, namjua. Tuna muda wa ndoo moja. Mwite ashuke."

"Nani?"

"Bi Mahfudha, usinichoshe. Nimejua tangu Alhamisi ya pili. Ulikuwa umeanika sahani mbili. Nikasema labda mkweo amekuja. Mkweo alikuwa Gede."

Mahfudha aliitupia jicho ngazi. Akashika ukingo wa meza.

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu Alhamisi ya kwanza nilishaandika hakuna tofauti. Ningesema ya pili, wangeniuliza ya kwanza ilikuwaje. Ningesema ya tatu, wangeniuliza mbili zote. Nimejichimbia shimo kila wiki, na kalamu ni yangu mwenyewe."

"Leo umetuokoa."

"Sikukuokoa wewe. Nimejiokoa. Na hata hivyo haikusaidia." Alitazama ndoo. Ilikuwa imefika robo. "Unajua Ishaq ameniambia nini pale chini ya nguzo? Amesema, mwanamke wa ukoo ule hatamki jina la mwanamume mbele ya mama mkwe wake hata kwa kisu. Huyu amelitamka kwa kelele. Basi kuna kikubwa zaidi anachokifunika."

Mahfudha alifunga macho. Ishaq alikuwa mtoto wa palepale. Alisahau hilo.

"Kesho saa mbili asubuhi wanafukua kaburi," Chengo alisema. "Bi Ruqaiya hakufika Gede. Amechukuliwa stendi, ametolewa damu. Wataulinganisha mfupa wa kaburini na damu yake. Visipofanana, ni sisi sote. Wewe, mimi, yule bibi, na huyo aliye tumboni atazaliwa kwenye chumvi."

"Na mle kaburini..."

"Mna mtu mwingine, najua. Kwa hiyo mfupa lazima utoke kwa mtoto wa kiume wa Bi Ruqaiya. Anao wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja. Na wa kuingia shimoni kuutoa ni mimi. Nimepewa kazi hiyo niithibitishe toba yangu. Naweza kushuka na mfupa ndani ya nguo, nikapanda nao mkononi. Ishaq hatanusa kaburi, atasimama mbali na leso puani."

Ndoo ilikuwa nusu.

Ngazi ikalia. Salman alishuka bila kuitwa, mweupe kama aliyemwagiwa unga, ndevu mpaka kifuani. Chengo alirudi nyuma hatua moja. Kujua kwamba mtu yuko juu ya dari ni jambo moja, na kumwona akija ni lingine.

Salman hakumsalimu. Alikwenda mezani, akaweka mkono wa kushoto juu ya mbao, vidole vimetanuliwa. Sauti yake ya kwanza baada ya miezi minne ilitoka kama mlango wenye kutu.

"Kata," alisema. "Chukua unachotaka. Viwili, ukitaka. Mimi ni fundi, nimeshaona vidole vikikatika."

"Salman!" Mahfudha alimshika.

"Wacha, Mahfudha. Kidole kwa watu wanne. Ni bei rahisi."

Chengo hakusogea. Alikuwa anautazama ule mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kata, bwana! Ndoo inajaa!"

"Si kidole," Chengo alisema.

"Ni nini basi?"

Chengo alipiga goti. Akafungua kamba ya godoro, akaliviringua sakafuni. Katikati yake mlikuwa na msumeno wa muuza nyama, mpya, bado una karatasi ya duka.

"Nesi Moraa ameshaandikiwa mfupa wa kupima, na Daftari limeshapitisha," alisema. "Wanataka mfupa wa paja. Mzima."